Tarakimu za Pato: Tuulize Bei Kwanza

Mkiambiwa mfanyakazi wa nchi fulani huzalisha dola kadhaa kwa mwaka, ulizeni: dola za benki au za sokoni? Pato la nchi hugawanywa kwa idadi ya walio kazini. Lakini shilingi zinazotosha kunyoa nywele Dar es Salaam, zikigeuzwa dola, hazitoshi New York. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha bei za bidhaa zile zile, wakapima uwezo wa fedha kununua.

Kipimo hicho nacho huteleza. Mwaka 2007 Benki ya Dunia ilipotoa bei mpya, uchumi wa China ulipungua kwa asilimia 40 hivi kwenye karatasi. Wafanyakazi wale wale, viwanda vile vile! Basi wakitujia na tarakimu, tudai orodha ya bei. Kisha tuulize: aliyezalisha amepata nini?