Kengele, Bweni na Daftari

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya. Niliwajibu kwamba mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada na vikao. Wakasema madaktari wamekwisha kuwasikia, sasa wanamtaka mgonjwa. Hapo sikuwa na la kujitetea, maana ninao ugonjwa wa kisukari cha aina ya pili, nao ulinikuta nikiwa na shahada ya chuo kikuu ukutani na kitambi cha kutosha mbele yangu.

Nitasema jambo moja tu: namna ya kudumu katika kula wanga kidogo. Nikisema wanga, wale mliotoka Pwani msishtuke. Sisemi wale warukao usiku. Nasema wanga ulio katika ugali, wali, chapati, mihogo na viazi, ambao ukifika tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Unga wa mahindi, katika kila gramu 100, zaidi ya gramu 70 ni wanga. Sitasema sana juu ya kuanza, kwa sababu kuanza kila mtu anaweza. Mimi mwenyewe nimeanza mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2017. Nilipimwa asubuhi kabla ya kula kitu, sukari ikaonekana 9.8. Kipimo hicho kikifika 7.0 au zaidi, na kikirudiwa kikathibitika, daktari husema huo ni ugonjwa. Changu kilirudiwa, kikathibitika. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo. Kidonda kilianzia kidoleni, kwa kiatu kilichombana, naye hakusikia maumivu kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mguu ilikuwa imekwisha kuharibika. Siku ile nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikaketi kitandani, nikaviangalia vidole vyangu kimoja kimoja.

Nikaapa. Nikaacha ugali, wali, chapati, soda na sukari katika chai, vyote kwa siku moja. Mwezi wa kwanza nilikuwa askari. Sukari ikashuka, nikafurahi. Lakini mwezi wa pili hofu ilianza kupoa, na mwezi wa tatu nilikuwa nakoroga sukari katika chai kama zamani. Nimelifikiri sana jambo hili, nami nimeona kwamba hofu ina kasoro moja kubwa: dawa yake ni nafuu. Kadiri vipimo vilivyopendeza, ndivyo mguu wa baba ulivyonitoka akilini. Kitu kilichonisukuma kilikufa kwa sababu kilifanya kazi yake.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2019. Safari hiyo nilisukumwa na sifa. Ofisini tulikuwa watu sita tulioshindana kupunguza uzito. Nikapungua kilo 9. Nikanunua suruali mpya. Kila kona nikasikia, "Bwana, umekuwa kijana!" Basi nikaendelea kwa ajili ya maneno hayo. Baadaye mizani ikasimama, kama inavyosimama kwa kila mtu. Tena watu wakikuzoea ukiwa mwembamba, hawakusifu tena. Sifa ilipokoma nami nikakoma, na ile suruali mpya nikampa mdogo wangu.

Msidhani kwamba lawama iko katika lishe yenyewe. Kupunguza wanga si jambo la jana. Mwaka 1863, mjini London, mtu aitwaye William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, alitoa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, kwa shauri la daktari wake. Na kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, madaktari wengi hawakuwa na njia nyingine ya kumtunza mgonjwa wa kisukari isipokuwa kumpunguzia chakula, hasa wanga.

Wala msidhani kwamba kupunguza wanga ndiyo njia pekee. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti wa watu 609 wenye uzito uliozidi. Kundi moja lilipunguza mafuta, kundi la pili likapunguza wanga, kwa mwaka mzima. Wa kwanza walipungua kwa wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0. Wenyewe walisema tofauti hiyo si ya maana. Na huko Uingereza, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, watu wenye kisukari walisaidiwa kupunguza uzito kwa mpango maalumu wa chakula. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Mimi nimechagua kupunguza wanga kwa kuwa sukari ndiyo taabu yangu. Lakini katika hesabu hizo mtaona kwamba njia ziko zaidi ya moja, na kazi ngumu katika zote ni ile ile: kubaki njiani.

Mara ya tatu nilianza mwaka 2021, nami sijaacha hadi leo. Siku niliyotaka kuanza nilijiuliza: je, ni lini katika maisha yangu niliwahi kufanya jambo gumu kila siku, mwaka hadi mwaka, bila kuacha? Nikakumbuka hapa. Nikakumbuka mchakamchaka. Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyekuwa na ari ya kukimbia alfajiri, kwa baridi ile? Hakuna. Kengele ililia, bweni likaamka, tukajikuta barabarani tunaimba. Hakuna aliyetuuliza kama tunajisikia. Na baada ya muda, siku ya likizo, ukilala nyumbani kwenu, macho yanafumbuka yenyewe saa kumi na moja. Nikasema, basi, nitaishi kama mwanafunzi wa bweni.

Kwanza, kengele. Maana yake ni kukata shauri mapema, kabla ya njaa kufika. Chakula changu cha asubuhi hakibadiliki: mayai mawili na mboga ya majani, na chai ya maziwa isiyo na sukari. Nikiwa safarini nakunywa supu, chapati nawaachia wenzangu. Katika mtoto wa meza yangu ofisini mna karanga, kwa sababu najua kwamba saa nne kikaoni yataletwa maandazi na soda, na soda moja ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Sishindani na andazi. Nalikuta nimekwisha kushiba. Wataalamu wa chuo kikuu kimoja mjini London waliwafuatilia watu 96 waliotaka kujenga mazoea mapya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuwa mazoea, lakini wako waliotumia siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji siku 254. Tena waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo ningelijua mwaka 2017 lingenisaidia sana, maana wakati ule nilipokula chapati moja nilijiona nimeanguka, nikala na ya pili na ya tatu.

Pili, bweni. Mara mbili za kwanza nilikula peke yangu. Mke wangu alipika vyungu viwili, na watoto walinitazama kama mtu aliyelazwa. Safari hii tulikaa mimi na mama watoto tukakubaliana chungu kiwe kimoja. Sisi husema ugali ndio chakula, na kilicho pembeni ni mboga. Tukageuza: mboga ndiyo iwe chakula, na ugali ndio uwe mboga. Watoto wanakula ugali wao kama kawaida, kwa kuwa wanakua. Lakini mchicha, matembele, dagaa, maharage na samaki vimeongezwa katika sahani ya kila mmoja, na yangu ina ugali wa kiasi cha ngumi. Wako wasemao kwamba hii ni lishe ya matajiri. La hasha. Dagaa na matembele si chakula cha matajiri. Maharage nayo yana wanga, lakini hupandisha sukari polepole, nayo yanashibisha.

Lakini bweni langu lilikuwa na kitanda kimoja kitupu, nacho kilikuwa cha mama yangu mzazi. Kila nilipokwenda kijijini mama alisonga ugali kama mlima, nami niliula wote nisimuudhi. Nani atakataa ugali wa mama yake? Desemba ya mwaka 2021 alipouweka mbele yangu, nilimwambia, "Mama, mguu wa baba unaukumbuka." Akanyamaza. Nikasema, "Nami ninao ugonjwa ule." Miaka minne nilikuwa nimemficha. Mama akainuka bila kusema neno, akaingia jikoni, akarudi na sufuria nzima ya kisamvu cha karanga. Akamega ugali wa kiasi cha ngumi, ngumi yake si ngumi yangu, akauweka pembeni ya sahani. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unajiua kwa kunionea haya?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo ndiye askari wangu mkali kuliko wote. Ndugu zangu, nadhani wengi wetu hatushindwi na ugali. Tunashindwa na siri. Mtu asiyejua kwamba unaumwa atakukirimu mpaka akuue, tena kwa upendo.

Kadhalika wako wenzangu wawili wa darasa letu, wamo humu ukumbini, nao wana ugonjwa huu. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu na kusomeana vipimo. Anayekuwa na kipimo kibaya hatukanwi, anaulizwa tu alikula nini.

Tatu, daftari. Ninalo daftari la kurasa 96, kama yale ya hesabu. Vijiti vya kupimia vina bei, hivyo napima siku mbili kwa juma: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo mmoja ninaouchagua. Daftari hilo limenifundisha mambo ambayo hofu haikunifundisha. Limenionyesha kwamba kwangu mimi wali mtupu hupandisha sukari kuliko ugali kidogo uliofuatana na dagaa. Limenionyesha kwamba nikitembea baada ya kula, kipimo kinashuka. Hofu ilikufa kwa nafuu, na sifa ilikufa kwa mazoea, lakini udadisi kila ukurasa unauletea swali jipya. Makosa nayo yamo. Mmoja wenu alioza binti yake mwaka jana. Pilau ile imeandikwa humo, sahani mbili. Kesho yake asubuhi nilikula mayai yangu mawili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kabla sijakaa, nina maonyo mawili. La kwanza ni kwa wenzangu. Kama unatumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wako. Dawa ileile na chakula pungufu huweza kuishusha sukari kupita kiasi, ukaanguka na kupoteza fahamu. Dawa hupunguzwa na daktari, si na jirani, wala si na mimi. La pili ni kwa wadogo zetu. Ninyi mnakua, mnasoma, mnakimbia na mnalima. Msiache ugali kwa sababu ya maneno yangu. Soda na sukari mnaweza kuzipunguza tangu leo, na kengele msiichukie. Iko siku mtaitafuta.

Sijapona. Kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi mitatu hivi kilikuwa asilimia 8.4 nilipoanza mara ya tatu. Cha mwisho kilikuwa 6.3, nami bado natumia kidonge kimoja. Vidole vyangu vyote kumi vipo, na kila usiku naviangalia.

Nimeambiwa kwamba tukitoka hapa tutakula ugali na maharage ya shule, kama zamani. Nitakula. Ngumi moja, na maharage mengi. Atakayeniona nikiongeza ugali, na aniite kwa jina langu la bwenini. Wote mnalijua.