Dakika 18 na Gunia la Mahindi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Kila mwaka vyama hupeleka watu wao kwenye semina na makongamano. Wako wanaorudi na ujuzi. Wako pia, na hapana haja ya kuficha, wanaorudi na mfuko wenye maandishi, kalamu mbili, na posho iliyokwisha njiani, wala mkutano mkuu haupati hata sentensi moja ya yale waliyoyasikia. Kwa sababu hiyo yafaa kuutazama mkutano mmoja uliofanyika hapa hapa nchini, ambao hotuba zake nyingi zingali zinasikika hadi leo, na kuuliza maneno yaliyosemwa pale yaliishia wapi.

Mkutano wenyewe ni ule wa TED, uliofanyika Ngurdoto, karibu na Arusha, kuanzia tarehe 4 hadi 7 Juni, 2007. Jina hilo ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya teknolojia, burudani na usanifu. Ulianzia California, Marekani, mwaka 1984, ukapata hasara, ukalala hadi mwaka 1990. Kanuni yake kuu ni kwamba msemaji hupewa dakika 18, awe waziri au awe mwanafunzi. Mwenyekiti yeyote aliyepata kuongoza mkutano mkuu wa chama ataona mara moja faida ya kanuni hiyo. Tangu mwaka 2006 hotuba zake hutolewa bure katika intaneti.

Pale Arusha hapakukosekana ubishi. Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa Uganda, alisema kwamba misaada ya kigeni imewadhoofisha Waafrika badala ya kuwainua. Mwimbaji Bono wa Ireland, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, akampinga papo hapo. Profesa George Ayittey wa Ghana akawafananisha vijana wenye bidii na duma, na watawala wazito na viboko. Watu walicheka na kupiga makofi. Makofi, hata hivyo, hayaingizwi katika daftari lo lote la mapato.

Msemaji aliyetumia maneno machache kuliko karibu wote alikuwa William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka Wimbe, wilaya ya Kasungu, Malawi. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilipoikumba nchi yao, wazazi wake walishindwa kulipa karo, akaacha shule. Akawa anakwenda katika maktaba ndogo ya kijijini, na humo akaona ndani ya kitabu cha sayansi picha ya mitambo inayozungushwa na upepo. Kiingereza kilimpa taabu, kwa hiyo alifuata michoro. Akakusanya feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki na miti ya mkaratusi, na nyumba ya baba yake ikapata umeme wa taa nne na redio mbili. Jukwaani alihojiwa kwa muda wa dakika chache tu, akaeleza kwamba nia yake ni kujenga mtambo mwingine wa kuvuta maji ya kumwagilia mazao. Waliomsikia walijitolea kumsomesha, na mwaka 2014 alihitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Lakini hotuba iliyowahusu hasa watu wa ushirika ilikuwa ile ya Dakta Eleni Gabre-Madhin, mchumi wa Ethiopia. Alieleza jambo ambalo karani ye yote wa ghala analijua kwa macho yake. Mavuno ya Ethiopia yalikuwa mazuri kwa misimu miwili, bei ya mahindi ikaporomoka, na mwanzoni mwa mwaka 2002 wakulima wengine waliacha nafaka shambani kwa kuwa gharama ya kuvuna ilishinda bei yenyewe. Kabla mwaka haujakwisha, nchi ile ile ilikuwa inatangaza upungufu mkubwa wa chakula. Upande mmoja mahindi yaliharibika, upande wa pili watu walingoja msaada. Mfanyabiashara hakuthubutu kununua kwa mtu asiyemfahamu wala kununua gunia asilolifungua kwa mkono wake. Na mkulima hakujua bei ya mjini. Alikumbusha kwamba Chicago nayo ilikuwa hivyo hivyo kabla wafanyabiashara wake hawajaanzisha soko la nafaka lenye utaratibu mwaka 1848. Akapendekeza soko la namna hiyo kwa Ethiopia: mazao yapimwe, yapangwe kwa madaraja, yawekwe ghalani, mwenye mali apewe stakabadhi, na bei itangazwe hadharani.

Soko hilo lilifunguliwa Addis Ababa mwezi Aprili, 2008, yeye mwenyewe akiwa kiongozi wake. Muuzaji akalipwa siku ya kazi inayofuata, jambo ambalo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wangeliona kuwa ndoto. Hata hivyo mambo hayakwenda kama yalivyonenwa jukwaani. Nafaka, ambazo ndizo zilizokuwa kiini cha hotuba, hazikuja kwa wingi. Soko lilipata nguvu kwa kahawa na ufuta. Na kahawa ilipochanganywa kwa madaraja, mnunuzi wa ng'ambo hakuweza tena kujua imetoka kwa nani. Vyama vikuu vya ushirika vya huko viliruhusiwa kuuza nje moja kwa moja, navyo vikashikilia ruhusa hiyo. Si haki kusema kwamba hotuba ilikuwa ya uongo. Kilichopungua ni yale yasiyoweza kuenea katika dakika 18: nani atashika mizani, na nani atamkagua.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na utaratibu huo ukaanza kutumika katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Ulikusudiwa kumwondoa mlanguzi wa kangomba, anayepima kwa bakuli na kununua mali ya mwenye njaa kabla haijakomaa. Lakini mwezi Aprili, 2013, huko Liwale, wakulima waliokabidhi korosho zao ghalani walipewa malipo ya pili yaliyopungua mno kuliko walivyotazamia, wakaghadhibika, na nyumba zikachomwa moto. Utaratibu ulikuwa ule ule wenye kusifiwa. Wakulima hao hawakuwa na la kusema juu ya wazo; walitaka kuona makato moja moja, kwa tarakimu, na hapakuwa na aliyewasomea yakawaridhisha. Mwaka 2024 korosho zilianza kuuzwa kwa mnada kupitia mitambo ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambako bei za wanunuzi huonekana wazi.

Hotuba ya Dakta Eleni inapatikana bure kwa kila mwenye simu yenye intaneti. Imetolewa kwa Kiingereza, hivyo katibu anayeifahamu lugha hiyo aweza kuifasiri mbele ya wanachama katika mkutano mkuu ujao, kabla ya ajenda ya ghala, kisha asome taarifa ya makato ya msimu uliopita, kifungu kwa kifungu, wanachama wakiwa na stakabadhi zao mkononi.