Shule za Siri Katika Nchi ya Polandi



Leo napenda kuwaeleza habari za watu wa Polandi, jinsi walivyoteswa na adui zao wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jinsi walivyokataa kuwa watumwa.

Tarehe 1 Septemba, 1939, majeshi ya Ujerumani yaliingia Polandi kutoka magharibi. Na tarehe 17 mwezi ule ule majeshi ya Urusi yakaingia kutoka mashariki. Kabla ya majuma sita kwisha, nchi nzima ilikuwa mikononi mwa wageni.

Wajerumani walijua kwamba atakaye kulitia taifa utumwani sharti kwanza azime taa ya elimu yake. Tarehe 6 Novemba, 1939, waalimu wa Chuo Kikuu cha Kraków waliitwa kusikiliza hotuba. Walipokwisha kuketi wakakamatwa, na wengi wao wakapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Vyuo vikuu vikafungwa, na shule za sekondari pia. Mwaka 1940 Himmler, mkuu wa askari wa SS, aliandika kwamba yawatosha watoto wa watu hao kuhesabu mpaka 500 na kuandika majina yao, kusoma hakuhitajiwi.

Je, wazazi walikubali? Hasha! Shule zilihamia majumbani. Watoto wachache walikutana chumbani mwa mtu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, nao walificha vitabu vyao njiani. Mwalimu aliyekamatwa aliweza kupelekwa kambini au kuuawa, lakini masomo hayakukoma. Kijana mmoja wa Kraków, Karol Wojtyła, alichimba mawe, na tangu 1942 akasomea upadre kwa siri. Ndiye aliyekuwa Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1978.

Mateso yalikuwa makubwa mno. Raia wa Polandi wapata milioni 6 walikufa, na karibu nusu yao walikuwa Wayahudi. Aliyemficha Myahudi alistahili kuuawa kwa amri ya Wajerumani, pengine pamoja na jamaa yake. Hata hivyo walikuwapo waliowaficha. Mwezi wa Aprili, 1943, Wayahudi waliofungiwa katika mtaa wao mjini Warsaw walishika silaha chache walizokuwa nazo wakapigana. Tarehe 1 Agosti, 1944, jeshi la siri la Wapolandi likainuka mjini humo, likapigana siku 63. Walishindwa, na Wajerumani wakauteketeza mji nyumba kwa nyumba. Baada ya vita wenyewe waliujenga tena.

Wapolandi wengine walikuwa wamehamishwa na Warusi kwa nguvu mpaka Siberia. Mwaka 1942 maelfu yao walipata njia ya kupitia Uajemi, wakafika Afrika ya Mashariki. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikaa Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja katika Uganda. Hata huko ugenini, katika vibanda vya kambi, waliwafundisha watoto wao kwa lugha yao wenyewe. Makaburi ya baadhi yao yapo Tengeru hata leo.

Ndugu zangu, nyumba huchomwa na mali hutekwa. Lakini alichojifunza mtoto, hakuna askari awezaye kumnyang'anya. Basi tusiidharau shule iliyo wazi mlangoni petu, maana wako waliohatarisha maisha yao kwa ajili ya somo moja tu.