Shamba Baada ya Maji Kupungua: Mada kwa Wakazi wa Bonde la Rufiji



Wazee wa Rufiji hawakuyahesabu mafuriko kuwa adui wakati wote. Maji yakipungua walipanda mlau, mahindi na kunde zikaota kwa unyevu uliobaki, juu ya tope jipya. Tope laini ni rutuba. Mchanga mtupu ni jambo jingine. Huo hufukia rutuba iliyokuwepo.

Hata hivyo maji mengi kama yale ya Aprili 2024, yaliyoangamiza mazao Rufiji na Kibiti, huacha udongo umechoka. Udongo hupumua. Katika vijitundu vyake huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huozesha majani na kuyageuza kuwa chakula cha mimea. Maji yakijaa humo, hewa hutoka, na oksijeni hupenya majini polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Baada ya siku chache vijidudu hivyo hufa au hulala, na vingine hutawala, vitumiavyo naitreti badala ya oksijeni. Naitreti hiyo hugeuka gesi ikapaa. Ndiyo sababu mojawapo ya mahindi yaliyosimama majini kuwa manjano. Mpunga huvumilia, kwa kuwa una mirija ipelekayo hewa mizizini.

Mkulima mwenye haraka humwaga CAN shamba likiwa bado chepechepe. Nusu ya naitrojeni ya mbolea hiyo ni naitreti, amenunua gesi. Heri asubiri hadi bonge la udongo livunjike mkononi bila kunata, ndipo alime, maana kulima tope hugandamiza ardhi.

Fosforasi ina hila yake. Majini hulegea, udongo ukikauka, chuma kilichomo huikamata tena kwa nguvu. Nao kuvu wa mizizini, wanaoifuata mahali mizizi isikofika, hupungua shamba likikaa bila mmea. Baada ya mafuriko ya Marekani ya 1993, mahindi yaliyopandwa mwaka uliofuata katika mashamba yaliyokaa matupu yalidumaa, majani yakawa ya zambarau.

Basi shamba lisiachwe tupu. Kunde na choroko huwalea kuvu hao. Kabichi na sukuma wiki hazifanyi hivyo. Kunde zikikaribia kutoa maua, mche mmoja ung'olewe na vinundu vya mizizi vipasuliwe. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanaotengeneza naitrojeni wako kazini. Vikiwa vyeupe au kijani, afisa ugani aitwe kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea.