Hesabu ya Mwezi ya Mshona Mifarishi



Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu: juu ni viraka vilivyoungwa kwa ustadi, katikati ni pamba, na chini ni bitana, kisha zote hushikizwa pamoja kwa mishono midogo midogo. Kazi ya sindano si ngeni katika Nairobi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilifundisha ushonaji pamoja na mapishi na ulezi wa watoto. Mwaka 1996 tena wakaanza akina mama wa Amani ya Juu, wakiwamo waliokimbia vita katika nchi zao, kujitafutia riziki kwa kushona katika mji huu huu. Lakini washonaji wengi hawana chama. Wana cherehani moja, chumba kimoja, na watoto.

Chukueni mfano wa bibi mmoja akaaye Kawangware, upande wa magharibi wa mji. Siku ya kwanza ya Juni alifungua daftari akaandika kazi ya mwezi. Aliagizwa mfarishi wa inchi 60 kwa 80, na kwa viraka vya inchi 10 hesabu yake ni viraka 48, yaani 12 kila juma. Kila kiraka sharti kikatwe inchi 10 na nusu, kwa kuwa mshono hula robo inchi kila upande. Asiyekumbuka hayo huona mfarishi wake umepungua inchi kadhaa asijue zimekwenda wapi. Fedha za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kupangiwa: salio la karo ya mtoto wake mkubwa.

Basi akapanda matatu mpaka katikati ya mji, akaenda Biashara Street, ambayo wazee waliijua kwa jina la Bazaar Street, akanunua vitenge, kanga mbili, na marekani ya bitana. Aliporudi hakukata kitu. Alizifua nguo zote kwanza, kila rangi peke yake, akazianika. Mwaka uliotangulia aliunganisha kanga nyekundu na marekani nyeupe bila kufua. Mwenye mfarishi alipoufua mara ya kwanza, wekundu ukatapakaa kote, na bibi huyu akarudisha fedha zote. (Wako pia wakatao kanga katikati ya maneno yake. Hiyo nayo ni hasara, kwani maneno yaweza kukaa vizuri pembezoni mwa mfarishi.)

Juma la kwanza viraka 12. Juma la pili 12, ijapokuwa umeme ulikatika siku mbili, maana cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu na pasi yake ni ya makaa. Mumewe ni mlinzi wa usiku, hulala mchana. Kwa hiyo bibi hushona usiku, ili mlio wa cherehani usimwamshe.

Juma la tatu mtoto mdogo akashikwa na kifua. Baridi ya Nairobi mwezi wa Juni mnaijua, na chumba cha mabati hakiizuii. Mama akakesha na mtoto, akampeleka zahanati, akamrudisha, akampa dawa kwa saa zilizoamriwa. Hakushona hata kiraka kimoja. Juma la nne alishona saba tu.

Jioni ya tarehe 30 akahesabu: viraka 31. Daftari lake lina kurasa mbili kwa kila mwezi, ya kushoto ya ushonaji, ya kulia ya nyumbani. Kushoto paliandikwa 31 mahali pa 48. Kulia paliandikwa: mtoto aliugua siku tisa, amepona. Mtu akiusoma ukurasa wa kushoto peke yake atasema mama huyu ni mvivu.

Hakungoja mteja aje kuuliza. Alimpigia simu usiku ule ule, akamweleza, akaomba majuma mawili zaidi, akakubaliwa. Shuleni alipeleka nusu ya salio, akaahidi nusu ya pili kwa tarehe aliyoitaja mwenyewe. Na mumewe, badala ya kulala moja kwa moja atokapo kazini, akaanza kupiga pasi vipande vilivyokatwa, saa moja kila asubuhi. Jirani mmoja alimwona mlangoni na pasi mkononi akacheka. Yule bwana akamwomba amletee makaa.

Tarehe 1 Julai ukurasa mpya ukafunguliwa. Kushoto: viraka 17, kisha pamba, bitana na mishono. Kulia: soksi za sufu za mtoto, na kuziba tundu la dirisha.