Bayi au Samatta: nani zaidi?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, sasa uchambuzi. Kuanzia vijiwe vya Magamba hadi Lushoto mjini, ubishi ni mmoja: nani mwanamichezo bora wa Tanzania wa nyakati zote?

Kwanza, upande wa riadha. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia: dakika 3 na sekunde 32.16. John Walker, aliyemfuata, naye aliivunja rekodi ya zamani, lakini hakumpata.

Upande wa pili, wapenzi wa soka wanamtaja Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, aliyefunga bao Wembley mwaka 2020. Wanasema soka ina ushindani mkali zaidi.

Je, ubishi huu unamhusu mkulima wa Usambara? Sana, kwa sababu tunayemsifu ndiye mwanawe atakayemwiga. Watoto wetu hupanda milima hii kila siku kwenda shule, lakini ndoto tunazowapa nyingi ni za mpira tu.

Basi, msikilizaji, ukuu tuupime kwa rekodi, au kwa ukubwa wa mchezo wenyewe?