Kiti cha Bodi ya Shule Kigombewe Hadharani: Mjitoleaji na Usimamizi wa Shule Kisii na Nyamira



Msimu wa uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda vya chai ukifika, pita Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo, utajua bila kuambiwa. Anayekitaka kiti hajifichi. Huwafuata wakulima vituoni wanakopimia majani, akaeleza atakavyopigania bonasi, akaulizwa maswali ya kuudhi, akajibu, halafu watu wakaamua kwa kura. Kwenye Sacco za walimu ni vivyo hivyo. Lakini mtu huyohuyo akitamani kuingia kwenye bodi ya shule wanakosoma watoto wake, hufunga mdomo. Anasubiri kupendekezwa. Akitamka kwamba anakitaka kiti, ataitwa mroho, au ataulizwa ni nini kimemnukia huko ndani. Ninachotaka kusema leo ni kwamba aibu hiyo inatugharimu. Mtu anayejitolea kuitumikia shule agombee waziwazi, kwa jina lake na kwa mambo anayokusudia kuyafanya.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tumeisikia midomoni mwa wengine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilichukua nafasi ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, na pale zilipokuwa kamati za shule za msingi na bodi za magavana za sekondari ikaweka Bodi ya Usimamizi. Kifungu cha 56 kinataja wajumbe 13. Kati yao, 6 huchaguliwa kuwawakilisha wazazi, au jamii ya mahali penyewe kwa sekondari za ngazi ya kaunti. Mdhamini, yaani kanisa linaloidhamini shule, ana 3. Waliobaki ni mmoja mmoja: wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, wa walimu, wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii, na wa watu wenye mahitaji maalumu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi hukaa nao kwa wadhifa wake, na bodi inaweza kujiongezea wengine wasiozidi 3. Barua za uteuzi hutolewa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa wakadhani wote 13 huteuliwa kutoka juu. Hao 6 sheria inasema wachaguliwe.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Jumamosi ni Sabato, Jumapili ni ibada ya wengine, kwa hiyo mkutano mkuu wa wazazi huitwa siku ya kazi. Tayari kibarua wa mashamba ya chai na mwenye kibanda sokoni wamebaki nje. Uchaguzi huwekwa mwisho wa ajenda, baada ya hotuba ya matokeo ya mtihani, hotuba ya karo na hotuba ya mgeni aliyechelewa. Inapofika saa nane akina mama wameanza kutoka mmoja mmoja. Kuna ng'ombe wa kukama na majani ya kuwahisha kituoni. Hapo mtu husimama, akatoa karatasi mfukoni, akasoma majina. Mwingine akaunga mkono. Makofi, sala ya kufunga, imekwisha.

Karatasi ile iliandikwa wapi? Mara nyingi iliandikwa matangani. Kwetu Gusii, chini ya hema la msiba ndiko hupangwa mengi yasiyomhusu marehemu. Mzee wa ukoo fulani yupo, mtu wa mbunge yupo, mzee wa kanisa yupo, na pengine mwalimu mkuu kaja kutoa rambirambi. Kabla jeneza halijashushwa bodi imepatikana.

Nisiwaonee wanaoiandika. Wengi wao wanatafuta amani: kijiji hiki kipate mtu, na kile ng'ambo ya mto pia, Msabato awepo na Mkatoliki awepo, ili shule isije ikafungwa kwa maandamano. Na majina yanayotoka humo si mabaya siku zote. Nimekaa kwenye bodi pamoja na mwalimu mstaafu na muuguzi walioingia kwa njia hiyo, na walifanya kazi kuliko wengi. Tatizo linakuja baadaye. Mjumbe aliyeingia kwa karatasi ya mtu ana deni kwa mtu huyo. Siku mwandishi wa karatasi atakapopewa zabuni ya mahindi na maharagwe, au ya mawe ya darasa jipya, mjumbe wetu atatazama dirishani. Wazazi hawawezi kumwajibisha kwa ahadi ambayo hakuwahi kuwapa.

Mazoea haya ya kupata bodi bila kura yalianza vizuri, na ni vyema tuukumbuke mwanzo wake. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Wasabato wakajenga Nyanchwa miaka michache tu baadaye. Shule zikafuata makanisa. Baada ya uhuru ikaja harambee, na kila mlima ukataka sekondari yake. Watu waliozoea kulimiana mashamba kwa risaga, jirani akimwitikia jirani, hawakuona ajabu kubeba mawe na mchanga kwa ajili ya darasa. Aliyetoa kipande cha shamba, aliyechangisha na aliyesimamia mafundi ndio waliokuwa kamati; hakuna aliyefikiria kuwapigia kura, na haikuhitajika. Nenda leo ukasome vibao vya shule barabarani: mwisho wa jina kuna SDA, kuna DOK ya Dayosisi ya Kisii, kuna DEB kwa zile zilizokuwa za bodi ya elimu ya wilaya. Wajukuu wa waliobeba mawe bado wanajiona wenye shule, na nawaelewa. Lakini shule ile sasa inaendeshwa kwa kodi ya Mkenya wa Turkana na wa Kwale pia.

Fedha yenyewe ni nyingi kuliko wazazi wanavyodhani. Mgao wa sekondari ya kutwa uliowekwa tangu mwaka 2018 ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ndogo ya wanafunzi 300 inahesabiwa zaidi ya milioni 6.6 kwenye karatasi. Kwamba fedha hizo huja kwa mafungu, kwa kuchelewa, na pengine pungufu, ni sababu nyingine ya kuwa na mjumbe anayeweza kusoma taarifa ya benki na kumwuliza bursa kwa nini deni la kuni limezidi deni la vitabu. Sheria inaipa bodi jukumu la kupokea fedha za shule na kuzitolea hesabu. Vilevile bodi huajiri wapishi, walinzi na makarani, huamua kesi za nidhamu, na hutakiwa kuhakikisha vyoo na madarasa yanatosha. Walimu wa kudumu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, lakini nafasi za sekondari zinapotangazwa, bodi ndiyo huketi kwenye usaili. Hapo ndipo simu huanza kulia usiku: "Kumbuka yule kijana wetu."

Neno hilo, wetu, linabeba ukoo. Sina haja ya kueleza kwenye ukumbi huu tofauti ya Abagetutu na Abanyaribari, au ya nyumba mbili za babu mmoja. Kila mara tunapata habari za mwalimu mkuu kufungiwa lango kwa sababu hakuzaliwa upande ule wa mto. Wanaofunga lango ni wazazi, lakini ukichunguza utakuta bodi ilijua, na pengine ndiyo iliyotoa kufuli.

Anayeumizwa zaidi na hesabu ya ukoo ni mwanamke. Alikoolewa anaitwa mgeni. Alikozaliwa anaambiwa ana kwao kwingine. Hata akipendekezwa, husomwa jina la mwisho ili theluthi ya jinsia itimie. Na bado ukiingia kwenye mkutano wa darasa siku yoyote, kaunti hii au ile, walioketi kwenye madawati ni wanawake. Waume wako Nairobi, Kericho, au sokoni. Wao ndio wanaojua ni mwalimu gani haji Ijumaa na chakula cha mchana kilikosekana siku ngapi. Tungepiga kura za siri kwa haki, ninaamini bodi zetu zingebadilika sura kwa muhula mmoja.

Tusidhani kugombea hadharani hakujajaribiwa popote. Chicago, Marekani, sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1988 iliipa kila shule ya umma ya mji ule halmashauri yake: wazazi 6, wakazi wa eneo 2, walimu 2 na mwalimu mkuu. Idadi ya wazazi ni sawa kabisa na yetu. Anayetaka kiti hujaza fomu, hujieleza kwa maandishi, hukaa mbele ya watu akaulizwa, kisha hupigiwa kura ya siri. Halmashauri hizo zina mamlaka ambayo bodi zetu hazina, kwani humchagua hata mwalimu mkuu. Ila nao wana shida yao: shule nyingi hukosa wagombea wa kutosha, viti vikabaki wazi au mtu akapita bila mpinzani. Kufungua mlango hakulazimishi watu kuingia. Sisi, kwa tabia zetu za uchaguzi, nadhani tatizo letu litakuwa kuwazuia wasisukumane.

Kwa hiyo, wewe unayejitolea, na pengine huna jina kubwa, unaanzia wapi? Anzia darasani. Sheria yetu ya mwaka 2013 imeweka Chama cha Wazazi katika kila shule, na kila darasa huchagua mwakilishi wake kwenye kamati tendaji. Mwenyekiti wa kamati hiyo na wenzake 2 huingizwa kwenye bodi. Ni kiti ambacho wakubwa hukidharau, na kwa sababu hiyo kinapatikana kwa kazi. Kaa hapo mwaka mmoja. Jifunze bei ya gunia la mahindi, jifunze kuandika kumbukumbu, jifunze kumkosoa mwalimu mkuu bila kumvunjia heshima mbele ya watoto. Ukitokea kwa mara ya kwanza siku ya uchaguzi wa bodi ukiwa na suti na ahadi ya basi la shule, watu wanayo haki ya kukutilia shaka.

Ukigombea, sema mambo machache yanayoweza kupimwa. "Nitahakikisha hesabu za muhula zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo" ni ahadi. "Nitainua viwango vya elimu" ni upepo. Usiwanunulie wapiga kura soda. Usichange harambee wiki ile kuliko ulivyochanga mwaka mzima. Na kuhusu mtihani: kaunti zetu zimetajwa mara nyingi mno kwenye habari za udanganyifu, na zipo shule ambazo mzazi huombwa mchango usio na risiti mwezi wa mtihani. Mgombea aulizwe kuhusu mchango huo mbele ya wote. Akianza kuzungukazunguka, wazazi watakuwa wamejibiwa.

Kwa wadhamini nina ombi moja. Mna viti 3 kwa mujibu wa sheria, na sehemu yenu ya malezi ya kiroho na ushauri imetajwa katika kifungu cha 27. Tafadhali msivitafute na vile 6 vya wazazi. Shule ya Wasabato ina watoto wa Kikatoliki na wa Kipentekoste, na ya Kikatoliki vilevile. Wazazi wao wanalipia chakula kilekile.

Kura ya siri si gharama. Karatasi za daftari zilizokatwa vipande, katoni iliyotobolewa juu, watu wawili wa kuhesabu mbele ya macho ya wote, na idadi ya kura za kila mgombea ikaandikwa kwenye kumbukumbu zinazopelekwa kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Asiyeshinda apewe kazi kwenye kamati ya ujenzi au ya chakula, maana aliyepata kura 70 kati ya 200 ana watu 70 wanaomwamini, na shule haina watu wa kutupa.

Pendekezo langu kwa Bodi za Elimu za kaunti zote mbili ni la kiutaratibu tu. Majina ya wanaogombea viti 6 yabandikwe langoni siku 14 kabla ya mkutano mkuu. Uchaguzi uwe jambo la kwanza kwenye ajenda, kabla ya hotuba yoyote. Na bodi ya kaunti isitoe barua kwa jina ambalo halikuambatana na idadi ya kura zake. Rasimu ya tangazo la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, imo kwenye faili zenu. Naomba tuipitie kipengele kwa kipengele baada ya chai.